Nguvu au uzima? Tukisoma tena kitabu cha Padri Tempels

Kuna vitabu ambavyo watu wanavisifu bila kuvisoma, na vingine ambavyo wanavilaumu bila kuvisoma. Kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya filozofia ya Wabantu kimepata bahati zote mbili. Katika seminari zetu kila mfratri analijua jina lake, na siku ya mtihani anaweza kuandika mistari kumi juu ya hiyo nguvu ambayo Padri aliiweka katikati ya mafundisho yake. Lakini ukimwomba akuonyeshe kitabu chenyewe, atakuonyesha daftari ya mwenzake wa mwaka uliopita. Sisi tumekisoma tena kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, wala si kwa kutayarisha mtihani. Tumekisoma juu ya matata moja yanayotusumbua katika parokia zetu zote: mkristu wa siku ya Mungu na mkristu wa siku ya tatu si mtu mmoja.

Siku ya Mungu anaimba Nasadiki kwa sauti kubwa. Siku ya tatu, mtoto wake akishikwa na homa, neno lake la kwanza ni hili: ni nani amemfanyia? Wala hatusemi juu ya watu wasiobatizwa. Tunasema juu ya mwalimu wa masomo, juu ya mama wa Legio, hata juu ya katekista ambaye asubuhi alifundisha watoto amri ya kwanza ya Mungu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1965, ulihesabu utengano huo wa imani na maisha ya kila siku kati ya makosa mazito ya wakati wetu. Na Papa Paulo VI, mwaka wa 1975, aliona msiba katika mpasuko kati ya Injili na desturi za watu. Padri Tempels alikuwa ameona jambo hilohilo mbele yao, katika vijiji vya Waluba, na kitabu chake kinaanza hapo: mtu aliyesoma, aliyebatizwa, akipatwa na mateso au akikutana na kifo, anarudi upesi katika njia ya wankambo. Kwa nini anarudi? Wamisionari wengi walijibu: kwa sababu ya ujinga, au kwa sababu ya Shetani. Padri Tempels alijibu: kwa sababu ana akili, na akili yake ina mpango ambao ninyi hamjauona.

Tukumbushe habari chache kwa wasomaji vijana. Padri Tempels alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1906, mwaka uleule ambao kampani ya Union Minière ilianzishwa. Tutaona baadaye namna hao wawili walivyokutana. Alikuwa Mfransisko. Alifika Kongo mwaka wa 1933, akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake aliandika kwa kiflamandi, bwana Rubbens akakigeuza katika kifaransa, kikatoka Elisabethville mwaka wa 1945. Mwaka wa 1949 kikachapwa tena Paris na Présence Africaine. Monsinyori de Hemptinne, aliyekuwa mkubwa wa Eklezya ya Katanga siku zile, hakukipenda hata kidogo. Mwaka wa 1946 Padri alirudi Ubelgiji, na miaka mitatu ilipita mbele hajaonekana tena huku. Kitabu chembamba hivi, kumbe kilitisha watu wakubwa!

Mafundisho yake tunaweza kuyasema kwa maneno machache. Wazungu, anasema, wanafikiri kwanza kwamba kitu kiko, kiisha wanauliza kama kina nguvu. Kwa Wabantu, kuwa na kuwa na nguvu ni jambo moja. Mungu anayo nguvu kwa nafsi yake mwenyewe, na ndiye anayewagawia wengine. Chini yake wako wazazi wa kwanza walioanzisha koo, kiisha wafu wengine, kiisha watu walio hai kwa kufwatana na ukubwa wao, na nyuma yao wanyama, mimea na mawe. Nguvu hizo hazikai kila moja peke yake. Mkubwa anaweza kumwongezea mdogo au kumpunguzia, na hata vitu visivyo na roho vinaweza kutumiwa kwa kuongeza au kupunguza. Kwa hiyo ugonjwa, kushindwa katika kazi, kukosa mtoto, yote hayo ni kupungua kwa nguvu, na mtu mwenye akili lazima atafute mahali inapotokea. Nganga, kwa maoni hayo, si mdanganyi tu. Ni mtu anayejibu swali.

Tuseme wazi yaliyo mema. Mwaka wa 1945 Mzungu aliyethubutu kuwaambia wenzake kwamba watu weusi wana filozofia alikuwa anafanya kazi ya mtume. Leo neno hilo linaweza kutuchekesha kidogo, kama mtu aliyekuja kututangazia kwamba tuna miguu. Lakini mbele ya kucheka tukumbuke namna walivyosema wengine wakati ule. Tena, sura ya sita, ile inayoeleza namna mtu aliyekosa anavyorudishiwa uzima wake na namna jamaa iliyochafuliwa inavyosafishwa, ni nzuri sana. Mwalimu wa sakramenti ya kitubio angeweza kuisomea wafratri wake kila mwaka bila kupoteza wakati.

Makosa nayo yako, na mengine ni makubwa.

La kwanza: kitabu hiki kinasema juu yetu lakini hakisemi nasi. Wasomaji wake ni wakoloni wenye nia njema na wamisionari, na sura ya saba inawaeleza namna ya kututengeneza vizuri zaidi. Padri anasema hata hivi, kwamba hatuwezi kutazamia Wabantu wenyewe waeleze filozofia yao kwa mpango. Ni sisi, maana yake Wazungu, tutakaowaeleza wanavyofikiri, nao watajitambua katika maneno yetu. Padre mweusi akisoma mistari hiyo anatafuta kiti chake katika nyumba na hakioni. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu vizuri kuliko kwa hasira: alikaa, akachunguza lugha yake mwenyewe, na mwaka wa 1956 akatoa kitabu chake juu ya filozofia ya Wanyarwanda, kila neno na ushuhuda wake.

La pili: kutoka katika vijiji vya Waluba alivyovijua, Padri alipanda ngazi ndefu mno mpaka Wabantu wote, na mara nyingine mpaka watu wote wa zamani. Hapo hatukai, wengi wamekwisha kulionyesha kosa hilo.

La tatu linatuumiza zaidi. Padri anaandika kwamba Wabantu wanachotamani kwanza si fedha wala nyumba nzuri, bali kutambuliwa kama watu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini tazama limeandikwa wapi na lini. Mwezi wa Desemba 1941, katika Elisabethville ileile, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara. Askari wakawapiga risasi, na watu wengi wakafa. Miaka minne baadaye kitabu kinatoka katika mji huo, kinasema watu hao wanatamani heshima kuliko mshahara, wala hakisemi kitu juu ya makaburi yale. Mwaka wa 1950 mshairi Aimé Césaire wa Martinique alikicheka kitabu kwa uchungu mkubwa juu ya jambo hilo: kama mnaheshimu nguvu ya Wabantu, basi mnaweza kuwanyima chakula bila wasiwasi! Césaire alizidisha, kama washairi wanavyozidisha. Hata hivyo hatuwezi kumwambia kwamba amesema uongo. Mtu ni roho na mwili, ndivyo tunavyofundisha watoto wa katekismu, na heshima isiyofika kwenye sahani ya chakula ni heshima ya barza tu.

Juu ya wanafilozofia waliokuja nyuma, Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun mwaka wa 1968, na Paulin Hountondji wa Benin katika miaka ya 1970, tutapita upesi. Walisema, na walisema vema, kwamba mawazo yasiyo na mwenyewe, yanayohesabiwa kuwa ya kabila zima bila mtu mmoja kuyakataa, si filozofia. Filozofia ni kazi ya mtu anayefikiri, anayeandika na kujibiwa na wenzake. Katika chumba cha masomo wana haki. Lakini katekista aliyeitwa usiku kwa mgonjwa haulizi kama mawazo ya watu waliokaa karibu na kitanda ni filozofia ama sivyo. Anajua tu kwamba mawazo hayo yako pale, yamekaa kabla yake, na yeye ndiye amefika nyuma.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, wachambuzi wameliacha pembeni, labda kwa sababu wengi wao hawakuzungumza na watu wa Katanga katika lugha yao. Ni neno lenyewe. Katika kitabu Padri aliandika "nguvu". Lakini aliporudi Kongo mwaka wa 1949, na zaidi tangu mwaka wa 1953 alipofika Kolwezi kati ya wafanyakazi wa migodi, hakuwahubiri watu juu ya nguvu. Alikaa nao, akawauliza: mnatamani nini katika maisha yenu? Na maneno waliyojibu, wababa na wamama wale wa kampi za Union Minière, wengi wao wasiosoma sana, ni matatu, na kila mzee wa Jamaa anaweza kukutajia hata leo: uzima, uzazi, mapendo. Tazama, nguvu haimo.

Mtu atatuambia tunacheza na maneno. Tumjibu. Asubuhi tunaamkiana: uko mzima? Hatuulizi: uko na nguvu? Chungu kikiwa hakijapasuka tunasema ni kizima, na hatufikirii ukubwa wake; chungu kidogo kinaweza kuwa kizima, na kikubwa kikavuja. Mtu mzima ni yule aliyekomaa, ambaye mtu anaweza kumtegemea. Na mwisho wa Nasadiki, tangu wamisionari wa kwanza, tunasadiki uzima wa milele, si nguvu za milele.

Nguvu inapimwa. Huyu anayo nyingi, yule kidogo, na kipimo ni kimoja. Kama yangu imepungua, yako imezidi wapi? Ukifikiri hivyo, mlango wa ulozi umefunguka wenyewe, hauhitaji kuusukuma. Uzima haupimwi kwa mzani huo. Mtoto wangu akiwa mzima, mtoto wa jirani hapunguziwi kitu. Hata zaidi, mtoto mmoja akiwa mgonjwa katika nyumba, nyumba yote si nzima tena. Bwana Yezu naye, aliposema kwa nini amekuja, alisema juu ya uzima, tena uzima mwingi. Kiisha alikwenda msalabani, mahali ambapo kwa hesabu ya nguvu alikuwa mtu wa mwisho kabisa. Ukichukua kitabu cha mwaka wa 1945 peke yake, ngazi ile ya nguvu kutoka kwa Mungu mpaka kwa mawe, huoni mahali pa kuusimamisha msalaba. Tumetafuta, hatukupaona. Padri alikuwa Mfransisko mwenye sala, bila shaka aliujua msalaba kuliko sisi, lakini katika ngazi hiyo hakuuacha na nafasi.

Wala hatusemi kwamba yeye ndiye alituletea hofu ya walozi. Wankambo walikuwa nayo kabla hajazaliwa, na vijiji vya Ulaya vilikuwa nayo vilevile, pamoja na mioto yake. Tunasema tu kwamba kitabu kilichotaka kuwa daraja kati ya imani na maisha kiliweka nguzo moja pahali penye udongo laini.

Na leo udongo huo unaporomoka mbele ya macho yetu. Tembea jioni katika mitaa ya Lubumbashi, ya Likasi, ya Kolwezi. Kila barabara ina nyumba ya sala, na kwenye kibao chake neno kubwa ni nguvu: nguvu ya damu, nguvu ya moto, usiku wa nguvu. Nabii anapanda, anawaambia watu kwamba wamefungwa, kwamba mtu wa jamaa yao amekula bahati yao, kwamba kwa sadaka fulani watafunguliwa. Mchimbaji, mkrezeri kama tunavyosema kwetu, anayeingia shimoni Kolwezi kutafuta kobalti kwa mikono yake, bila mbao za kuzuia udongo, anatoa fedha ya juma zima kusudi apate nguvu kuliko mwenzake wa shimo la pili. Ni mafundisho ya kitabu chetu, bila sura ya sita na bila Mungu mwenye kugawa bure. Anayetaka kuona filozofia ya nguvu inavyoishi katika mji wa siku hizi asiende kijijini kwa wazee. Asikilize vipaza sauti.

Tutoe mfano mmoja uliotokea kati yetu, bila majina. Mtoto wa miaka minane hivi aliletwa parokiani. Mama yake alikuwa amekufa, akapelekwa kwa mama mdogo. Miezi michache baadaye mume wa huyo mama mdogo akakosa kazi, kiisha mtoto mwingine mchanga wa nyumba akashikwa na ugonjwa. Nabii aliwaambia kwamba mgeni ndiye anayekula nyumba. Mtoto alifungiwa siku tatu bila chakula, kusudi atapike ulozi wake. Mume huyo alikuwa mbatizwa, mwimbaji wa kwaya yetu, mwenye diploma. Tulipozungumza naye alitueleza mambo kwa utaratibu ambao mwalimu wa mantiki angempa pointi nyingi: hakuna jambo linalotokea bila nguvu, nguvu ya nyumba yangu imepungua, hapa nyumbani ni mtu mmoja tu aliye mgeni, basi. Hakuwa mjinga. Alikuwa anafikiri sawasawa juu ya msingi mbaya.

Padre wa kwanza alimwambia: ulozi hakuna, ni mawazo ya giza. Alikubali kwa kichwa, kama tunavyowakubalia mapadri, akaendelea kuamini vilevile. Padre wa pili alimkumbusha sheria: Katiba ya mwaka wa 2006 inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na kumwazibu mwenye kumtesa. Hilo lilimwogopesha kidogo, na ni vema lilimwogopesha. Sheria hiyo inapaswa kusomwa kanisani, na tunashangaa kwamba makatekista wengi hawajaisikia hata mara moja. Lakini hofu ya hukumu haibadilishi hesabu ya mtu. Ni katekista mmoja mzee, mtoto wa wazazi wa Jamaa, aliyemwuliza swali jingine kabisa:

— Baba, huyu mtoto akiwa kwako, anamwita nani baba?

Mtu yule alinyamaza muda mrefu. Kiisha akasema: hamwiti mtu.

— Basi nyumba yako haikuwa nzima tangu siku ile alipoingia. Hukungojea ugonjwa wa mdogo.

Tunaomba wasomaji walitazame swali hilo. Katekista hakusema kama ulozi uko au hauko. Hakuuliza nani amechukua nguvu. Aliuliza uzazi uko wapi. Alibadilisha mzani. Wala hatutaki kuipamba habari: mtoto alikwenda kukaa kwa shangazi mwingine, na yule bwana alikaa miezi bila kuonekana kwenye kwaya, na hatujui leo kama moyoni ameacha hesabu yake ya zamani. Lakini lile lilikuwa neno la kwanza lililomfikia.

Hapo tunaona kwamba kazi kubwa ya Padri Tempels si kitabu chake. Ni Jamaa. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyewatazama watu. Jamaa ilizaliwa siku alipokubali kutazamwa nao. Katika kitabu chake kingine, kilichotoka mwaka wa 1962, mwaka alipotuacha na kurudi Ubelgiji ambako alikufa mwaka wa 1977, anasimulia mwenyewe namna alivyokuwa mkubwa na mwalimu kwa miaka mingi kabla ya kuwa ndugu. Bwana na bibi waliketi pamoja, wakafundishwa pamoja, wakaitwa Baba na Mama hata na padre, na padre naye alijifunza kwao maana ya kuzaa kwa roho. Kwa mara ya kwanza mkristu wa Katanga alisikia kwamba namna anavyoongea na bibi yake jikoni ni jambo la imani. Nani kati yetu amefundisha hivyo siku ya Mungu iliyopita?

Na Jamaa nayo ilikuwa na magonjwa yake. Mafundisho yakawa ya ngazi: njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pahali penye ngazi mtu anaanza tena kupima nani yuko juu. Makundi mengine yalijifungia, yakaota siri, yakadharau mapadri na wakristu wengine, na maaskofu wakalazimika kuyakemea. Hesabu ya nguvu ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuwezi kuirudisha Jamaa ya Kolwezi kama ilivyokuwa, hata tukitaka. Ilikuwa na nyumba. Union Minière, kwa faida yake mwenyewe, ilitaka wafanyakazi waliooa, wanaokaa. Iliwapa nyumba ya kampi, posho, lopitali, masomo ya watoto. Baba na Mama wa Jamaa walikuwa na mlango wa kufunga na meza ya kuketi. Hatusifu kampani, wafu wa mwaka wa 1941 wanatukataza. Tunasema tu kwamba mapendo ya bwana na bibi yalipata pahali pa kukaa. Baada ya mwaka wa 1967 migodi ikawa ya Serikali, Gécamines, na ilipoanguka katika miaka ya 1990 watu wengi walikaa miezi na miezi bila mshahara. Leo mkrezeri kijana analala chini ya turubai, anahama shimo kwa shimo kufwatana na bei ya kobalti, na mwanamke anayekaa naye leo labda hatakaa naye mwezi ujao, kwa sababu hakuna nyumba ya kukaa. Ukimhubiri uzazi na mapendo ya ndoa kama walivyohubiriwa babu zake, unamhubiri juu ya nyumba aliyonyang'anywa. Hapa Césaire anarudi kutucheka, na safari hii anatucheka sisi mapadri weusi, wala si Padri wa Ubelgiji. Haki ya mchimbaji, mbao za shimo lake, kipimo kisichoibwa na mnunuzi wa madini, mambo hayo si siasa iliyoongezwa juu ya Injili. Ni sehemu ya uzima, kama uzima ni kitu kizima.

Tumalizie kwa jambo dogo ambalo liko mikononi mwetu wenyewe, nalo linatokea katika ile sura ya sita tuliyoisifu. Nganga anaitwa lini? Siku ya kwanza ya homa. Anakaa, anauliza majina ya jamaa, anauliza nani amegombana na nani, anawakusanya. Padre anaitwa lini? Siku ya mwisho, mgonjwa asiposema tena. Mtaguso, mwaka wa 1963, ulisema kwamba mpako wa wagonjwa si sakramenti ya wenye kufa peke yao, na tangu mwaka wa 1972 tuna kitabu kipya cha ibada hiyo. Lakini katika mitaa yetu mgonjwa akimwona padre mlangoni na mafuta yake, anajua kwamba jamaa wamekwisha kununua sanduku. Wengine wanageuza uso ukutani. Hivyo tumeacha siku zote za katikati, siku za swali, mikononi mwa nganga na nabii, kiisha tunashangaa kwamba watu wanakwenda kwao.

Katika parokia moja tunayoijua makatekista wameanza kufanya hivi: siku ya Mungu, baada ya Misa, kila mkubwa wa mtaa anaandika majina ya wagonjwa wapya, hata wa malaria ya siku mbili. Siku ya pili jioni katekista na bibi yake wanakwenda pamoja, kwa sababu kuna maneno ambayo mama hawezi kumwambia mwanamume. Hawapeleki mafuta, mafuta ni ya padre, naye anakuja baadaye, pasipo haraka, mgonjwa angali anaweza kuitikia Amina. Wanaketi. Wanauliza kama kuna chakula, kama dawa ya lopitali imelipwa, kama kuna ugomvi nyumbani. Padre wa parokia hiyo alituonyesha daftari yake. Katika mwezi wa kwanza majina yalikuwa manne. Tulimwuliza kama watu walikataa. Akasema hapana, walikuwa wanangoja kwanza kuona kama yule wa kwanza aliyepakwa mafuta angekufa.